Meno ya Bonané

Mimi ni mtu wa karatasi. Baba yangu, Mkasai aliyeingia Lubumbashi na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, alitufundisha kwamba maneno ya watu hubadilika kila asubuhi, lakini karatasi yenye muhuri haibadiliki. Nimeishi kwa neno hilo miaka arobaini na sita. Kwa neno hilo nikasoma, nikawa daktari wa wanyama, nikaitwa Docteur Ngalula hata na watu walionizidi umri. Na kwa neno hilo hilo nusura nimuue msichana wa watu Jumapili mchana, mbele ya umati, huku nikimpigia makofi.

Nasema mapema, ili asitokee mtu wa kunihurumia.

Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, mwaka 2025, siku moja kabla ya mbio kubwa za klabu yetu ya farasi huko Kasungami. Muzee Léonard alikuwa ameniita nyumbani kwake kula. Huyu Muzee Léonard aliendesha treni mpaka akastaafu, na baba yake kabla yake alitandika reli huko kaskazini, upande wa Kabalo. Wastaafu wenzake walinunua mashine za kusaga mahindi. Yeye akanunua farasi. Walimcheka mpaka wakachoka, kisha farasi akaanza kushinda, wakaanza kumsalimia tena.

Farasi mwenyewe ni jike, rangi ya kahawia, ana doa jeupe kwenye paji la uso, na anaitwa Bonané. Kwetu bonané ni Mwaka Mpya, na ni zawadi ya siku hiyo pia: mtoto akikukuta mlangoni tarehe moja Januari anakunyooshea mkono, "Bonané yangu!" Mimi nilidhani Muzee alimwita hivyo kwa sababu alimleta zizini karibu na sikukuu. Sikuuliza. Kuuliza niliona ni kazi ya watu wasio na karatasi.

Anayempanda ni Gaëlle, mjukuu wa Muzee, miaka ishirini na mmoja, mwembamba, mbishi, na ndiye pekee aliyebaki na babu yake katika nyumba ile. Siku ya pili yake Gaëlle alikuwa ampande Bonané mizunguko miwili kwa kasi yote waliyo nayo. Ijumaa nilikuwa nimeshasaini cheti: farasi ni mzima, akimbie.

Na nilisaini kwa majivuno, kwa sababu Bonané alikuwa kazi ya mikono yangu. Januari ya mwaka 2024 aliletwa kwangu na maumivu ya miguu ya mbele, nikamchoma dawa ya mifupa, na tangu siku ile hakuchechemea hata mara moja.

Hapa lazima nieleze hiyo dawa. Mfupa si jiwe. Ndani yake mna mafundi wa aina mbili, wanaobomoa sehemu iliyochoka na wanaojenga upya mahali pale pale. Farasi kijana akianza kukimbia, mifupa ya miguu yake hupata nyufa ndogondogo. Wabomoaji wanaingia, wajenzi wanafuata, na mfupa unatoka imara kuliko mwanzo. Dawa yangu inawalaza wabomoaji. Kwa farasi mkubwa mwenye ugonjwa wa mifupa ni baraka, maumivu yanapungua anarudi kazini. Kwa farasi mtoto ni balaa. Nyufa zinabaki mle mle, zimefunikwa, kama ukuta uliopasuka ukapakwa chokaa. Mnyama hasikii uchungu, basi hachechemei, na daktari akiona hachechemei anasaini. Tena dawa yenyewe haitoki upesi. Inakaa ndani ya mfupa miaka.

Ndiyo maana mwaka 2023 niliandika sheria kwa mkono wangu, kamati ikaipitisha, nikaibandika kwenye mlango wa mazizi. Farasi asiyetimiza miaka minne asipewe dawa ile hata tone. Aliyetimiza apewe na daktari tu, kisha akae siku thelathini bila mbio. Atakayepewa kabla ya umri, hatakimbia kwetu tena maisha yake yote. Na mkono uliompa hautaingia tena mazizini, nao maisha yake yote.

Haikuwa sheria ya kutishia watu. Mkufunzi mmoja, Aaron, alimchoma farasi wa miaka miwili na nusu, akidhani ni kalsiamu ya nguvu zaidi. Alipiga magoti mbele yangu, mke wake amesimama pale pale. Nikamwambia sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, nikamwonyesha lango. Siku hiyo nilikula vizuri na nikalala vizuri.

Sasa turudi mezani kwa Muzee Léonard.

Mgeni wa heshima alikuwa Mama Mwaba, mwenye shamba karibu na Mokambo ambako Bonané alizaliwa na kukulia mpaka Muzee alipomnunua. Alikuja na basi kumwona "mutoto yake" akikimbia. Mwanamke mnene, mcheshi, anacheka kabla hajamaliza kusema. Gaëlle alikula upesi upesi akatoka kwenda klabu, kumfanyisha farasi mwendo wa mwisho. Sisi tukabaki na bukari, ule ugali wetu, samaki na mboga ya lengalenga.

"Docteur," Mama Mwaba akaniambia, "banasema njo weye unamuchungaka mutoto yangu."

"Njo miye, Mama. Iko muzuri sana. Tangu nilimupiga ile sindano, haisikiaka buchungu hata siku moya."

"Aksanti, Docteur. Ule mutoto alitusumbua kuzaliwa! Mvula inanyesha, mama yake analala mu matope, na siye tuko mu kazi ya fête, tunatafuta mbuzi ya kuchinja. Bwana yangu, Mungu amupokee, anasema: ona, Mungu ametuletea bonané siku mbili mbele ya bonané yenyewe! Njo jina ikabakia."

Muzee Léonard akacheka. Mimi nilikuwa nimeshakata tonge, nimelichovya, liko njiani kwenda mdomoni.

"Siku mbili mbele ya bonané gani, Mama?"

"Ya kuingia mu vingt et un. Alizaliwa le trente décembre, deux mille vingt. Miye mwenyewe nilimuvuta miguu."

Tonge likabaki hewani. Muzee anasema hata leo kwamba nilikaa hivyo muda mrefu, mkono umenyooka, mpaka akadhani nimekwamwa na mwiba.

Sikukwamwa na mwiba. Nilikuwa nahesabu.

Klabu yetu ina buku kubwa, kitabu cha farasi wote, jalada gumu, tulilolirithi kwa Wabelgiji, na ukurasa wake wa kwanza unasema kwa Kifaransa kwamba kila farasi huongeza mwaka mmoja tarehe moja Januari, awe amezaliwa lini. Huko kwao lina maana, kwa sababu farasi wao huzaliwa mwanzoni mwa mwaka. Kwetu farasi huzaliwa mvua zikianza, kuanzia Septemba mpaka Desemba. Chuoni tulifundishwa kabisa kwamba nchi nyingi za kusini huhesabu kuanzia Agosti. Niliandika hilo kwenye daftari, nikapata alama nzuri, nikalisahau. Na hakuna aliyetaka kuligusa buku, kwa sababu tarehe moja Januari ni sikukuu ya mazizi: karoti, miwa, watoto wanapita zizi kwa zizi wakiimba, kila farasi anapewa bonané yake. Mimi ndiye nilikuwa nakata karoti.

Basi Bonané alizaliwa tarehe thelathini Desemba 2020. Siku mbili baadaye, miguu bado inamtetemeka chini ya mama yake, kwa buku letu alikuwa na mwaka mmoja. Karatasi ya kumnunulia iliandikwa "mwaka wa kuzaliwa: 2020," siku na mwezi hakuna, nami nikahesabu kwa vidole: ishirini na moja, mmoja, ishirini na mbili, miwili, ishirini na tatu, mitatu, ishirini na nne, minne. Minne! Nikachukua sindano.

Alikuwa na miaka mitatu na siku kumi.

Na papo hapo neno ambalo nilikuwa nimelitupa zaidi ya mwaka na nusu uliopita lilirudi lenyewe, na sauti yake, na harufu ya zizi siku ile.

Lilikuwa neno la Dieumerci, mtunza farasi wetu, mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye shule ya msingi aliiacha katikati. Siku ya sindano yeye ndiye alimshika Bonané kichwa. Alisema, "Docteur, angalia kwanza mu kinywa. Huyu iko bado na meno ya maziba."

"Mu buku iko na myaka ngapi?" nikamuuliza, sindano mkononi.

"Mu buku, ine. Lakini mu kinywa, Docteur..."

"Dieumerci, njo miye docteur ao njo weye?"

Akashika kichwa cha farasi, nikachoma. Farasi hubadilisha meno ya mbele ya utoto, yale ya maziwa, jozi baada ya jozi. Wa miaka mitatu amebadilisha jozi moja juu na moja chini. Wa miaka minne, mbili mbili. Kufungua kinywa na kuangalia ni kazi ya sekunde kumi, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaijua. Tena maumivu yenyewe, yale ya mfupa wa mbele chini ya goti, ni maumivu ya watoto wanaoanza kukimbia. Mkubwa hana kazi nayo. Farasi mzima alikuwa ananipigia kelele umri wake, mguuni na kinywani, na mtu mmoja akanisaidia kusikia. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Nilikuwa na karatasi.

"Gaëlle iko ku terrain?" nikauliza. Mama Mwaba akaacha kucheka.

"Iko anamukimbizakimbiza kidogo," Muzee Léonard akasema. "Juu ya nini?"

Nilisimama, stuli ikaanguka, nikatoka mbio na bukari mkononi. Gari langu lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta. Nilishika usukani kwa mkono mchafu, na unga ulikauka pale pale, nikauona kwa wiki nzima baadaye. Kutoka kwa Muzee hadi klabu ni mwendo wa dakika sita kwa barabara ile ya vumbi na mashimo. Nilimpigia Gaëlle. Simu iliita mara nyingi, ikakatika, nikajua iko mfukoni mwa Dieumerci au juu ya ukuta, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyekataza kupanda na simu.

Nilifika wakiwa upande wa mbali wa uwanja. Bonané alikuwa anakimbia vizuri. Mungu wangu, alikuwa anakimbia vizuri! Shingo imenyooka, miguu inapiga sawasawa, hakuna kosa, hakuna kusita. Wiki moja kabla ningesimama pale nikatabasamu. Siku hiyo kila mguu ukigusa ardhi, moyo wangu ulikuwa unashuka nao, nikisubiri mlio.

Niliruka kamba nikasimama katikati ya njia, nimefungua mikono, nikapiga kelele ambazo sijui zilikuwa za lugha gani. Gaëlle aliniona akakaza hatamu. Farasi alipunguza, akapunguza tena, akasimama mbele yangu karibu kiasi cha kunipumulia usoni.

"Docteur! Uko na nini? Nilikuwa karibu kukukanyaga!"

"Shuka."

"Kesho tuko na course, Docteur, bado..."

"Nimesema shuka! Shuka polepole, hapana kuruka!"

Alishuka. Uso wake ulikuwa wa hasira, na hasira ile ilinifurahisha, kwa sababu ni wenye miili mizima ndio wanaokasirika hivyo. Dieumerci alikuwa ameshafika. Alishika hatamu, akanitazama, kisha akatazama mkono wangu wenye bukari.

"Mufungule kinywa," nikamwambia.

Akainua mdomo wa juu wa farasi kwa kidole gumba, taratibu, jinsi anavyofanya siku zote. Meno mawili ya pembeni ya juu yalikuwa ndiyo kwanza yanatoboa ufizi. Farasi ambaye kwa buku letu ana miaka mitano kinywa chake huwa kimejaa. Huyu alikuwa hajafika. Miezi tisa baada ya "siku yake ya kuzaliwa," alikuwa bado anaota meno.

"Ulijua," nikasema.

"Nilisema, Docteur," Dieumerci akajibu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha ulipoweka funguo.

Tulimrudisha zizini kwa mwendo wa maiti, nikatoa mashine ya radio ya kupigia picha mifupa, ile ndogo ya kubeba begani, nikapiga picha ya miguu yote miwili ya mbele. Mguu wa kulia, mfupa mweupe, mzito, safi. Wa kushoto pia mweupe, mzito, safi, na nilikuwa karibu kumshukuru Mungu nilipoona kitu. Nikaikuza picha. Mbele ya mfupa, chini kidogo ya katikati, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, umepanda kwa mshazari mpaka karibu nusu ya unene wa mfupa.

Ulikuwa ufa. Si wa siku hiyo. Kingo zake zilionyesha ni wa wiki nyingi, na pembeni yake hapakuwa na dalili hata ndogo ya mafundi kuja kazini. Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni dawa yangu iliyouleta. Lakini najua ni dawa gani huwalaza mafundi.

Nikapiga magoti, nikatafuta mahali penyewe kwa kidole gumba, nikabonyeza. Mahali kama pale, farasi mwingine angenirusha ukutani. Nikabonyeza kwa nguvu zangu zote, mpaka kucha ikaniuma mimi. Bonané aliendelea kutafuna majani yake. Hakutikisa hata sikio.

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia kwa sababu ya ufa. Nilililia lile sikio lililotulia. Nilikuwa nimemnyima mnyama sauti ya kusema "naumia," nikampandisha mtoto wa watu mgongoni, nikasaini.

Muzee Léonard aliingia na Mama Mwaba, wamekuja kwa pikipiki, na nyuma yao Lucien, rais wa klabu, aliyepigiwa simu na sijui nani. Nilieleza yote nikiwa bado nimepiga magoti. Niliposema kwamba mfupa ule ungeweza kukatika kesho katikati ya mzunguko, na farasi wa kilo mia tano akaanguka juu ya aliyempanda, Muzee hakunitazama. Alimwendea Gaëlle. Akainama, mzee yule wa miaka sabini na minne, akaanza kumpapasa mjukuu wake miguu, chini ya goti, mmoja kisha mwingine, kama anavyoniona nikimpapasa farasi. Gaëlle alisema, "Kaka, niko muzima, Kaka," maana ndivyo anavyomwita babu yake. Hakumsikia. Akaendelea kupapasa.

Kisha akageuka. "Docteur, kama Mama Mwaba angekosa basi?"

Lucien ndiye aliyepata jibu, lakini la swali lingine. Alitoka akarudi na buku kubwa, akalifungua kwenye ukurasa wa Bonané, akaliweka mbele yangu.

"Docteur, tutulie. Ile siku ya sindano, mu buku, farasi ilikuwa na myaka ine. Sheria yako inasema myaka ine. Buku njo inahesabuka myaka. Uko en règle, hauna kosa. Tutamutosha ku course, tutasema iko na ufa, c'est tout. Hakuna muntu atauliza."

Nitasema kweli yote: nilihisi raha. Kwa muda wa pumzi mbili tatu, raha tamu ilinishuka kifuani. Ni kweli! Sheria yangu ilisema miaka minne, haikusema inahesabiwaje. Karatasi ilikuwa upande wangu. Baba yangu alikuwa upande wangu. Kesho kutwa ningekunywa chai kama daktari.

Kisha nikamwona Aaron amepiga magoti, na nikagundua kwamba mimi pia nimepiga magoti, karibu mahali pale pale. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Aaron hakuwa na buku la kujifichia, basi. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu. Kama kuna nyingine, ni kwamba yeye hakuwa amesoma, na mimi nilisoma.

"Lucien," nikasema, "mufupa haisomake buku."

"Docteur, fikiri kwanza. Ni maisha."

"Najua ni maisha. Njo miye niliandika."

Nikanyanyuka, nikaenda kwenye mlango wa mazizi ambako sheria yangu imebandikwa, na karibu yake ubao wa chokaa wa waliofungiwa. Jina la kwanza lilikuwa la yule farasi wa Aaron, la pili la Aaron mwenyewe. Nikaandika "Bonané." Nikaweka na ile alama ya juu ya herufi ya mwisho. Chini yake nikaandika "Virginie Ngalula, daktari." Hakuna aliyenizuia na hakuna aliyenishukuru. Gaëlle alichukua simu yake kwa Dieumerci akatoka nje. Mpaka leo hajaniambia hata jambo, na ana haki yake.

Jioni hiyo niliandika barua mbili. Moja kwa kamati: kwenye sheria waongeze maneno "tangu siku aliyozaliwa," na buku lisitumike tena kuhesabu umri kwa ajili ya dawa. Ya pili kwa Aaron. Ile ya kamati walinijibu wiki hiyo hiyo, kwamba itajadiliwa baada ya sikukuu.

Tarehe thelathini Desemba nilikwenda Kasungami. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Nilisimama nje ya ua, kwenye waya, upande wa barabara, mahali ambapo wauza karanga husimama. Dieumerci aliniona akaenda kumleta Bonané. Alikuja naye kwa mkono, polepole; ufa unapona, ila unapona kizembe, na itachukua mwaka mwingine kabla hata mtoto hajapandishwa mgongoni pale kutembezwa. Mbio, basi tena.

"Docteur, leo njo siku yake ya kweli," Dieumerci akasema. "Angalia."

Mkono wangu ulibaki upande wangu wa waya. Yeye ndiye aliyekisogeza kinywa mpaka kwangu. Niliinua mdomo kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyokuwa akinionyesha miaka yote bila mimi kujua kwamba ananionyesha. Meno ya pembeni yalikuwa yametoka yote manne. Kinywa kilikuwa kimejaa.

"Ngapi?" akaniuliza.

"Tano. Tano kamili."

"Mu buku, kesho kutwa iko na sita."

Akacheka kidogo, mimi sikuweza. Nyuma yake, kwenye uwanja mdogo, kulikuwa na farasi jike mwingine, na chini ya tumbo lake kitoto cheusi, kirefu miguu, kinayumba kikitafuta ziwa.

"Na ule?"

"Ule alizaliwa ku Noëli. Kesho kutwa banamukatia karoti. Iko na mwaka moya."

Damu ilinipanda kichwani palepale. Nilishika waya kwa mikono yote miwili, nikaanza kupiga kelele, kwamba daktari mpya aliyeshika kazi yangu atafungua buku siku moja, atahesabu kwa vidole kama mimi, na nani atamwambia, nani atakumbuka mtoto huyu ana siku tano, siku tano, Dieumerci, wewe utakuwa umeshazeeka!

Dieumerci alisubiri nimalize. Kisha akaonyesha kwa kidevu mlango wa mazizi. Sheria yangu ilikuwa bado pale, imefifia kwa jua. Chini yake, juu ya mbao zenyewe, mtu alikuwa ameandika kwa mkaa, herufi kubwa, zimelala huku na huku kama za mtoto wa shule. Yalikuwa majina ya farasi wote wa klabu, moja moja, na mbele ya kila jina siku, mwezi na mwaka. Bonané alikuwa wa kwanza. La mwisho kabisa, mkaa bado mweusi, lilikuwa la yule mdogo.

"Nilibauliza bantu yote," Dieumerci akasema. "Kila muntu anakumbukaka mvua ilikuwa inanyesha ao haikunyesha."

Nikasimama pale nje, nikasoma ule mlango kutoka juu hadi chini, mara mbili.